Subira ya Mpima Dhahabu

Cheti cha maabara ya madini hakina mapambo. Kina safu ya namba za sampuli, safu ya matokeo, na juu yake kipimo kimoja: gramu kwa tani. Mchimbaji wa Ushirombo akikipokea hutafuta mstari wake tu. Ukiwa umeandikwa 5, anajua kwamba kila tani ya mwamba wake imebeba gramu tano za dhahabu, na papo hapo anaanza hesabu za dizeli, baruti, karasha na mgawo wa wenye duara, yaani shimo. Ukiwa umeandikwa 0.4, anaanza hesabu nyingine: namna ya kuwaambia wenzake kwamba shimo hili waliache.

Mimi hushangazwa na tarakimu yenyewe. Ili ipatikane, mtu ameponda jiwe, akaliyeyusha pamoja na risasi, akaichoma risasi mpaka ikaisha, akayayeyusha mabaki kwa asidi, kisha akawasha taa ambayo mwanga wake hauonekani kwa macho na kupima ni kiasi gani cha mwanga huo kimepotea njiani. Hatua za moto zina umri wa maelfu ya miaka. Hatua ya taa ni ya karne iliyopita, na inasimama juu ya fizikia ya kwanta, elimu inayoeleza jinsi atomi inavyopokea na kutoa mwanga. Simulizi za dhahabu humtaja aliyechimba na aliyenunua. Aliyepima hatajwi, na ndiye ninayetaka kumsifu.

Ushirombo ni makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, kando ya barabara kuu inayotoka Isaka na Kahama kwenda Lusahunga, na kutoka huko hadi mipaka ya Rwanda na Burundi. Hadi 2012 ilihesabiwa kuwa ya Shinyanga. Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka huo, Bukombe ikaenda nao. Ardhi ya huku imekaa juu ya ukanda wa miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5 unaozunguka kusini mwa Ziwa Victoria, na ndani ya ukanda huo dhahabu imetafutwa kwa mashimo ya futi chache na kwa migodi mikubwa. Mgodi wa kale wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza kuzalisha mwaka 2000. Katente, palepale Bukombe, Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lina kituo cha mfano cha kuwafundisha wachimbaji wadogo uchenjuaji ulio bora kuliko ule wa zebaki, sawa na vituo vyake vya Lwamgasa huko Geita na Itumbi huko Chunya.

Kipimo cha kwanza cha eneo hili hakihitaji umeme. Mchimbaji hutwanga jiwe kwenye kinu cha chuma, hutia unga kwenye karai, huuzungusha ndani ya maji, na mwisho huangalia kama ukingoni umebaki mstari wa njano. Jicho lake, bila kuambiwa, linafanya kazi ya kifizikia. Kiini cha atomi ya dhahabu kina protoni 79, na mvuto wa chaji kubwa kiasi hicho huzilazimisha elektroni za ndani kabisa kukimbia kwa zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga. Katika mwendo huo, kanuni alizotoa Einstein mwaka 1905 haziwezi kupuuzwa. Zinabadilisha mpangilio wa elektroni mpaka nje: ngazi moja ya nishati inashuka, nyingine inapanda, na pengo kati yake linapungua mpaka linalingana na nishati ya mwanga wa bluu. Dhahabu humeza bluu na kurudisha rangi zilizobaki, nasi tunaona njano. Fedha ina protoni 47 tu. Pengo lake ni pana zaidi, limeangukia kwenye urujuanimno, kwa hiyo inarudisha rangi zote tunazoziona na kubaki nyeupe.

Lakini karai lina mpaka wake. Dhahabu iliyo laini mno huelea na kuondoka na maji. Iliyofungwa ndani ya pairiti, madini ya chuma na salfa, haionekani kabisa. Mwamba unaweza kuwa na gramu tatu kwa tani na karai lisionyeshe kitu. Mwingine ukaonyesha mstari mnene kwa sababu ya chembe moja iliyojitokeza siku hiyo. Mchimbaji anayetaka kujua, badala ya kutumaini, hufunga mawe yake kwenye kiroba na kuyapeleka maabara: Mwanza kwa wengi, au Dodoma, ambako Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania ina maabara yake.

Huko kazi huanza kwa vumbi, na vumbi ndilo linalotenganisha fundi na mbabaishaji. Tuseme kiroba kina kilo tatu. Kitakachoingia kwenye moto ni gramu 30, yaani sehemu moja kati ya mia. Kila punje ya zile kilo tatu inastahili nafasi sawa ya kuwamo katika hizo gramu 30, na nafasi hiyo haipatikani kwa kuchota juujuu kwa kijiko, kwa kuwa punje nzito zimekwisha kuzama chini. Jiwe hukaushwa kwa nyuzi 105, hupondwa mpaka punje za milimita mbili, kisha hugawanywa. Asiye na mashine hurundika unga kama pia, huutandaza, huukata robo nne, huchukua robo mbili zinazotazamana, huzichanganya, na kurudia. Kisha sehemu iliyobaki husagwa mpaka asilimia 85 ya unga ipite kwenye chekeche lenye matundu ya mikroni 75.

Kwa nini mikroni 75? Hesabu yake ni rahisi na inatisha. Chembe moja ya dhahabu yenye kipenyo cha milimita 0.2, ambayo kwa jicho ni nukta tu, ina uzito wa mikrogramu 81 hivi. Ikiingia kwenye sampuli ya gramu 30, peke yake inaongeza gramu 2.7 kwa tani kwenye jibu. Ikiangukia robo iliyotupwa, jibu linapungua kwa kiasi hichohicho. Chembe moja inaweza kuufanya mwamba maskini uonekane tajiri, au ulio tajiri uonekane wa kutelekezwa. Ikisagwa ikawa vipande vya mikroni 75, kila kipande kinabeba mikrogramu nne na kidogo, na kukosea kipande kimoja kunasogeza jibu kwa gramu 0.14 tu. Ndiyo maana msagaji hakatishi muda wa kinu, na kati ya sampuli na sampuli husaga mchanga mtupu ili bakuli la mashine lisibebe dhahabu ya mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Hakuna anayempongeza kwa mchanga ule. Akiuruka, hakuna atakayegundua siku hiyo.

Baada ya vumbi ni moto. Gramu 30 za unga huingia kwenye chungu cha udongo mgumu pamoja na oksidi ya risasi, magadi, boraksi, mchanga wa silika, fedha kidogo, na unga wa ngano. Ndiyo, unga wa chapati. Katika tanuri la nyuzi zaidi ya 1,000, magadi, boraksi na silika huyeyusha mwamba ukawa kioo kizito. Kaboni ya ngano huinyang'anya oksidi ya risasi oksijeni yake, na risasi safi hutokea ikiwa matone madogo yasiyohesabika, yanayoshuka polepole ndani ya kioo kile na kukusanya kila chembe ya dhahabu na fedha inayokutana nayo. Baada ya saa moja hivi chungu humiminwa kwenye kalibu ya chuma. Kikipoa, risasi imetulia chini, kioo kiko juu. Nyundo huvunja kioo, na fundi anabaki na kitufe kizito cha kijivu.

Ubingwa umejificha kwenye kipimo cha ngano. Gramu moja ya unga huzaa takribani gramu 10 hadi 12 za risasi, na kitufe kizuri kina gramu 30 hivi. Kitufe kidogo mno hakikusanyi dhahabu yote. Kikubwa mno kitachukua muda mrefu kuchomwa na kupoteza kidogo njiani. Sasa, miamba haifanani. Mawe mekundu ya karibu na uso wa nchi, yaliyokwisha kuliwa na hewa na mvua, yanahitaji ngano kamili. Mawe ya chini, yaliyojaa pairiti, yana salfa inayofanya kazi ileile ya ngano bila kuombwa. Ukitia kipimo kilekile, utapata risasi nyingi na juu yake tabaka chafu la salfaidi lililoficha dhahabu. Fundi huangalia rangi ya unga, huupima mkononi, huukumbuka mwamba wa jana kutoka eneo lile, kisha hupunguza ngano au hutia shura kidogo ya kuila salfa. Hakuna mashine inayomwambia. Ameyajua hayo kwa kuharibu vyungu.

Kitufe huhamia kwenye kikombe kidogo kilichofinyangwa kwa majivu ya mifupa au magnesia, ndani ya tanuri la nyuzi 950 hivi. Hewa huingia taratibu. Risasi inageuka kuwa oksidi, oksidi inanyonywa na kuta za kikombe, kiasi kidogo kinaondoka na moshi, moshi ambao ni sumu na lazima uvutwe na bomba la hewa kabla haujafika puani. Dhahabu na fedha hazishiki oksijeni kwa joto hilo, kwa hiyo zinabaki. Kitufe kinapungua, kinapungua, na karibu na mwisho kinafanya jambo ambalo wapimaji wa kila zama wamelisubiri: rangi za upinde wa mvua zinatambaa juu yake, zinazunguka, zinatoweka, na ghafla kishanga cha dhahabu na fedha kilichobaki kinang'aa mara moja kabla ya kutulia.

Rangi zile si za risasi wala za dhahabu. Utando wa mwisho wa oksidi umekuwa mwembamba kiasi cha kukaribia urefu wa wimbi la mwanga, na miali inayorudi kutoka juu ya utando inakutana na ile inayorudi kutoka chini yake. Rangi moja inaongezeka, nyingine inafutika. Ni tabia ya mawimbi. Na mng'ao wa mwisho ni joto lililofichika: kishanga kilikuwa bado kimiminika chini ya joto ambalo kingepaswa kuganda, na kinapoganda ghafla hutoa joto lake lote kwa mpigo. Fundi anayejua dalili hizi hutoa kikombe kwa wakati wake. Anayezikosa huacha risasi ndani na kuipa dhahabu uzito usio wake.

Tanuri lenyewe lina sehemu yake katika historia ya sayansi. Kabla ya vipima joto vya umeme, mfua chuma na mpima dhahabu walisoma joto kwa rangi ya moto: nyekundu iliyoiva, rangi ya chungwa, njano inayokaribia weupe. Mwishoni mwa karne ya 19, watafiti wa taasisi ya vipimo ya serikali ya Ujerumani, jijini Berlin, waliamua kuipima rangi hiyo kwa usahihi wa hali ya juu. Matokeo yao hayakukubaliana na nadharia yoyote iliyokuwapo. Mwaka 1900 mwanafizikia Max Planck alipata kanuni iliyoyatosheleza, lakini kwa sharti la ajabu: nishati ya mwanga itolewe na kupokelewa kwa vipande vizima, visivyokatika. Vipande hivyo ndivyo kwanta. Mwaka huo Ushirombo ilikuwa chini ya Ujerumani hiyohiyo, na misheni ya Wamisionari wa Afrika, iliyoanza 1891, ilikuwa haijafikisha miaka kumi. Fizikia ya kwanta haikuzaliwa kwa kuwaza angani. Ilizaliwa kwa watu waliokataa kuridhika na kipimo cha tanuri ambacho kilikuwa kizuri tu, si sahihi.

Kwa mwamba wetu wa gramu tano kwa tani, dhahabu yote iliyomo katika sampuli ya gramu 30 ni mikrogramu 150. Ingekuwa tufe, kipenyo chake kingekuwa robo ya milimita. Mwenye mizani nyeti sana anaweza kuiosha fedha kwa asidi ya naitriki na kuipima dhahabu iliyobaki, na kwa miamba tajiri ndivyo inavyofanyika. Kwa sampuli nyingi za kawaida, kishanga huyeyushwa chote kwa asidi ya naitriki na ya hidrokloriki, kisha hujazwa maji mpaka mililita 10. Kilichokuwa jiwe sasa ni tone la maji yenye asidi, na ndani yake zimo atomi za dhahabu zipatazo milioni bilioni 460. Swali lililobaki ni namna ya kuzihesabu.

Jibu linalotumika katika maabara za leo lilitoka Melbourne, Australia. Alan Walsh, mwanafizikia mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi katika shirika la utafiti la Australia, alilipata mwaka 1952, Jumapili moja akiwa bustanini kwake, na kulichapisha 1955. Wataalamu waliomtangulia walipasha vitu moto na kuupima mwanga uliotoka. Njia hiyo ilikuwa na heshima zake: wanasayansi Bunsen na Kirchhoff waliitumia huko Heidelberg kugundua elementi mbili mpya, mwaka 1860 na 1861. Lakini Walsh aliona kwamba katika mwali wa gesi, atomi zinazotoa mwanga ni chache mno. Kwa dhahabu, katika mwali wa asetilini na hewa wa nyuzi 2,300 hivi, ni pungufu ya atomi moja katika kila bilioni iliyopanda ngazi ya juu na kuwa tayari kuangaza. Kuzihesabu hizo ni kuihesabu kaya kwa kuwatazama waliosafiri, ilhali karibu wote wako nyumbani. Walsh akageuza swali. Badala ya kuuliza ni mwanga gani umetoka, akauliza ni mwanga gani umemezwa na walio nyumbani.

Ili swali hilo lijibike, mwanga lazima uwe ule ambao dhahabu, na dhahabu peke yake, inaujua. Ndani ya mashine kuna taa ya kioo yenye gesi ya neoni kidogo na kikombe cha chuma kilichotandikwa dhahabu. Umeme hung'oa atomi za dhahabu kutoka kwenye kikombe, huzisisimua, nazo zikirudi chini hutoa mwanga wao mahususi. Mmojawapo una urefu wa wimbi wa nanomita 242.8, ndani kabisa ya urujuanimno. Mwingine nanomita 267.6. Namba hizo hazikupangwa na mtengenezaji. Ni pengo kati ya ngazi za elektroni ya nje ya dhahabu, na ni zilezile kwa dhahabu ya Bukombe, ya Johannesburg na ya pete ya bibi harusi. Shaba iliyomo kwenye myeyuko huo haiutambui mwanga huo. Wala chuma, wala risasi iliyosalia.

Fundi hutumbukiza mrija mwembamba kwenye sampuli. Maji yanavutwa, yanapuliziwa kuwa ukungu, yanaingia kwenye mwali wenye umbo la ukuta mrefu mwembamba, na kwa muda mfupi dhahabu inakuwa atomi moja moja hewani. Mwanga wa taa unapita katikati. Kila atomi inayokutana na fotoni, yaani kipande kimoja cha mwanga, inaipokea nzima au haiipokei kabisa. Nusu haipo. Ipi itapokea na ipi itaiacha ipite hakuna awezaye kutabiri, si kwa sababu vyombo ni duni, bali kwa sababu maumbile yenyewe yanatoa uwezekano tu. Hapo ndipo uzuri wa kipimo hiki: chini yake kabisa kuna bahati nasibu, na juu yake kuna jibu thabiti, kwa kuwa bahati ya atomi nyingi kiasi hicho ikijumlishwa haiyumbi.

Mashine haijui gramu. Inajua tu kwamba mwanga umepungua. Kabla ya sampuli ya mteja, fundi huilisha myeyuko alioutengeneza mwenyewe au kuununua ukiwa na cheti: maji yasiyo na dhahabu, kisha miligramu 5 kwa lita, 10, 20. Anachora mstari. Sampuli yetu, kama kila hatua imekwenda sawa, itaangukia 15. Mstari ukijipinda, anaanza upya. Mwali ukicheza kwa sababu mtungi wa asetilini unakaribia kuisha, anasimama na kubadilisha mtungi. Ameweka pia mitego: katika kundi la vyungu vilivyoingia tanurini pamoja kuna kimoja kisicho na dhahabu, kimoja chenye unga ambao thamani yake imethibitishwa na maabara nyingi, na sampuli moja ya mteja iliyorudiwa kwa namba nyingine. Cha kwanza kikionyesha dhahabu, kuna uchafu mahali. Cha pili kikitoa jibu lisilo lake, tanuri au mstari una kasoro. Sampuli iliyorudiwa ikipishana mno, vumbi halikugawanywa vizuri. Kundi zima hurudi mwanzo, na siku ya kazi imepotea.

Baada ya mwamba kuchenjuliwa, dhahabu hukutana na kipimo kingine sokoni. Masoko ya madini yalianzishwa baada ya Rais John Magufuli kukutana na wachimbaji wadogo Dar es Salaam Januari 2019. La Geita lilifunguliwa Machi mwaka huo. Kitufe cha dhahabu iliyoyeyushwa kwa boraksi huwekwa mbele ya mashine ya eksirei. Eksirei hung'oa elektroni ya ndani ya atomi, elektroni ya juu yake hushuka kujaza nafasi, na tofauti ya nishati hutoka kama eksirei mpya yenye alama ya elementi hiyo. Mwanafizikia Henry Moseley alionyesha mwaka 1913 kwamba alama hizo hufuata idadi ya chaji katika kiini kwa mpangilio usio na mkanganyiko. Miaka miwili baadaye aliuawa vitani Gallipoli, akiwa na miaka 27. Dhahabu inajitangaza kwa nishati ya kiloelektronivolti 9.71, zebaki kwa 9.99, shaba kwa 8.05, fedha kwa 22.2. Tangsteni, ambayo kwa mizani na maji inaweza kujifanya dhahabu kwa kuwa uzito wake kwa ujazo ni 19.25 dhidi ya 19.3, huonekana kwenye 8.40.

Hata hivyo eksirei ya dhahabu hutoka mikroni chache tu chini ya uso. Mashine inaona ngozi, haioni nyama. Mpimaji hodari husugua kitufe, hukigeuza, hupima upande wa pili, hudai kikatwe kama ana shaka. Na hungoja. Kungoja kwake kuna hesabu yake. Mashine huhesabu fotoni, na fotoni huja bila ratiba. Ukihesabu 10,000, shaka yako ni mzizi wake wa pili, yaani 100, sawa na asilimia moja. Ukihesabu 1,000,000, shaka ni 1,000, sawa na sehemu moja ya kumi ya asilimia. Kupunguza shaka kwa nusu kunataka muda mara nne. Kwa mwenye kitufe cha gramu 100, asilimia moja ni gramu nzima ya dhahabu, na juu ya kipimo hichohicho serikali nayo hukokotoa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Katika kazi nyingine subira ni adabu. Hapa ni sehemu ya kifaa, kama ilivyo lenzi.

Ujuzi huu wa taa una kazi nyingine huku kwetu, isiyoleta fedha. Wachimbaji wengi bado hukamata dhahabu kwa zebaki na kuichoma, mara nyingi karibu na wanapoishi. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Lakini atomi ya zebaki humeza mwanga wa nanomita 253.7, na kwa taa ya zebaki maabara inaweza kuikuta kwenye mkojo wa mchomaji, kwenye samaki, kwenye udongo wa mwalo wanapooshea dhahabu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Mkataba huo hautakuwa na meno bila mtu mwenye mkono mtulivu anayejua kusema, kwa tarakimu anayoweza kuitetea, kwamba mchomaji huyu amepata sumu na yule bado.

Tumezoea kuisifu mashine. Mashine imesema, tunasema, na mabishano yanakwisha. Lakini mashine hujibu tone lililofikishwa mbele yake na hakuna zaidi. Kama tone hilo si mwakilishi wa mwamba, jibu lake litakuwa sahihi juu ya kitu ambacho hakuna aliyekiuliza. Kanuni za atomi hazihitaji usimamizi wetu. Kinachohitaji usimamizi ni kilo tatu zinazogeuka gramu 30, ngano inayopunguzwa kwa jicho, mchanga mtupu kati ya sampuli mbili, sekunde zinazoongezwa wakati foleni inalalamika.

Kwa hiyo mchimbaji wa Bukombe anayelipia kipimo ana haki ya kuuliza maswali matatu: sampuli yangu mliigawanya vipi, mliirudia mara ngapi, na unga wenu wa uthibitisho ulitoa jibu gani siku hiyo. Hayahitaji digrii ya fizikia kuyauliza wala kuyaelewa. Maabara inayoyajibu bila kukasirika inastahili ada yake.